Kumuuliza AI picha za ukoo kwa Kiswahili: Immich na kiunganishi chake, naipa nne kati ya tano

Nianze na maksi kabisa ili mwenye haraka aondoke nazo: nne kati ya tano. Kwa mtu mwenye mapicha mengi ya familia hii kitu ni ya kuweka, na nasema kwa moyo wote kwasababu mimi ndo mtunza picha wa ukoo wetu, kila harusi, kila msiba, kila kipaimara picha zinaishia kwangu, za simu yangu, za simu ya mke wangu, za magrupu ya WhatsApp, za kamera ya mdogo wangu, na zile za karatasi tulizoskani kutoka kwenye albamu za bibi kule Tukuyu. Kuzihifadhi sio kazi. Kazi ni kuipata moja pale mtu anapoitaka.

Na mtu akitaka picha hakwambii tarehe. Mama mdogo anapiga simu anasema "mwanangu nitafutie ile niliyopiga na mama yako shambani, nilikuwa na kitenge cha njano, mvua ilikuwa inataka kunyesha". Hapo unaanzia wapi? Hajui mwaka, hajui nani alipiga, na kwenye simu faili linaitwa IMG na minamba mirefu. Zamani nilikuwa nashusha kwa kidole mpaka macho yanauma. Saivi naandika maneno yake vilevile kama alivyoyasema, na mara nyingi picha inatokea kwenye zile za mwanzo mwanzo.

Nieleze ni vitu gani maana viko viwili. Cha kwanza ni ghala lenyewe, Immich, programu ya bure ambayo msimbo wake (code) uko wazi kwa yeyote kuusoma, ilianza 2022 na Oktoba 2025 wakatoa toleo la 2.0 ambalo ndo la kwanza wenyewe kuliita imara. Inakaa kwenye kompyuta yako, sio kwa mtu mwingine. Yangu iko kwenye desktop ya mtumba yenye RAM 8 hapa nyumbani Uyole, simu zote za nyumbani zikishika WiFi zinapakia picha zenyewe. Cha pili ni kiunganishi, programu ndogo inayokaa katikati ya Immich na msaidizi wa AI (kama Claude au ChatGPT). Viko kadhaa, vimeandikwa na watu wa kujitolea, na vinafanya kazi kwa mtindo mmoja: vinatumia MCP (Model Context Protocol), utaratibu wa kumuunganisha msaidizi wa AI na programu nyingine, ambao kampuni ya Anthropic waliutoa Novemba 2024, baadae OpenAI na Google nao wakaupokea. Kiunganishi kinampa msaidizi zana, yaani tafuta kwa maana, tafuta kwa mtu, tafuta kwa tarehe, tafuta kwa mahali, fungua albamu. Wewe unaandika swali, yeye anaamua atumie zana gani na kwa mpangilio upi.

Kuna atakayeuliza kwanini nisiache tu kwenye Google Photos. Kwanza nafasi, tangu tarehe 1 Juni 2021 kila unachopakia kinahesabika kwenye zile GB 15 za bure, na GB 15 kwa ukoo mzima ni harusi moja tu na video zake. Pili, na hili wengi hawalijui, tarehe 31 Machi 2025 Google walifunga mlango uliokuwa unaruhusu programu za nje kusoma maktaba yako yote, saivi programu ya nje inaona zile picha ilizozipakia yenyewe, au zile utakazozichagua wewe kwa mkono. Kwaiyo msaidizi wako hawezi kuingia mle akachambua kila kitu. Ukitaka uhuru huo lazima ghala liwe lako.

Sasa nije kwenye kilichonifurahisha kuliko vyote, ambacho ni Kiswahili. Immich inatafuta kwa kutumia CLIP, modeli ambayo OpenAI waliitoa 2021 baada ya kuifundisha kwa picha milioni 400 zikiwa na maelezo yake kutoka kwenye intaneti. Inageuza picha kuwa mlolongo wa namba, inageuza na maneno yako kuwa namba, alafu inaangalia namba zipi zimekaribiana. Ile inayokuja moja kwa moja na Immich imefundishwa Kiingereza. Ukiandika "shamba la viazi" kwenye kile kiboksi cha kutafutia inakuletea vitu havieleweki, maana hayo maneno haiyajui. Unaweza kubadilisha ukaweka modeli ya lugha nyingi, zipo, ila ni nzito zaidi na lazima picha zote zisomwe upya. Msaidizi wa AI akikaa katikati tatizo hili linapungua sana. Yeye Kiswahili anakielewa, anachukua sentensi yako, anatoa mtu, anatoa rangi, anatoa hali ya hewa, anaitafsiri ile sehemu ya kuonekana na kuipeleka kwa Kiingereza, na ile sehemu ya jina la mtu anaipeleka kwenye zana ya sura. Asipopata anajaribu maneno mengine mwenyewe, "yellow dress", "yellow wrap", "field with dark clouds", mpaka anakuletea. Bibi yangu hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, na juzi kauliza kwa sauti kupitia simu yangu, "nataka picha ya ng'ombe wetu yule mwekundu", na ng'ombe akaonekana. Teknolojia ngapi zimefika huku kwetu na bibi akaweza kuzitumia kwa maneno yake mwenyewe? Mimi hii naiheshimu sana.

Alafu msaidizi anajua mambo ambayo CLIP peke yake haiyajui. Tulishaenda kuona Kimondo cha Mbozi, lile jiwe kubwa la chuma pale Ndolezi. Ukiandika jina Mbozi kwenye kiboksi haileti cha maana. Ukimuuliza msaidizi, yeye anajua kimondo ni nini, anatafuta jiwe kubwa jeusi lililowekwa kwenye jukwaa, na picha zinakuja, japo zinachanganyika na za Gangilonga kule Iringa maana nayo ni jiwe kubwa watu wamesimama. Daraja la Mungu pale Kiwira hivyo hivyo, alielewa kwamba ni mwamba wa asili uliopita juu ya mto, akaleta. Maua ya Kitulo ndo usiseme, yanakuja yote hata yale ya bustani ya jirani.

Vyakula na nguo ndo kuna kazi. Mbalaga hakuijua, nilipomwambia ni ndizi za kupika akatafuta upya na akapata. Kanga na kitenge kwake ni kitu kimoja, vyote ni nguo ya Kiafrika yenye rangi, na wewe na mimi tunajua mama aliyevaa kanga na mama aliyevaa kitenge wako kwenye shughuli tofauti kabisa. Send-off na harusi anachanganya, kwasababu kwa macho tu ni ukumbi, mapambo, keki na mama analia. Hapa ninachofanya ni kuweka albamu kwa mkono, "Send-off ya mdogo wangu", nikishaipa jina anaitumia vizuri.

Tarehe na mahali ni eneo ambalo lazima ulijue ndo usimlaumu bure. Picha nyingi za ukoo zimepita WhatsApp, na WhatsApp ukituma picha kwa njia ya kawaida inafuta zile taarifa za ndani, saa iliyopigwa na sehemu iliyopigwa. Kinachobaki kwenye Android ni jina la faili lenye WA, na tarehe yake ni ya siku picha ilipotumwa. Kwaiyo harusi ya zamani ambayo binamu aliituma kwenye grupu mwaka jana, kwa Immich ni picha ya mwaka jana. Ukisema "za mwaka ule alioolewa dada" msaidizi anaenda kwenye mwaka sahihi anakuta patupu. Dawa yake ni mbili, picha mpya waambie ndugu wazitume kama dokumenti ili taarifa zisipotee, na za zamani uzichague kwa mkupuo ndani ya Immich uzibadilishie tarehe, inaruhusu. Za kuskani ndo kabisa, zote zinabeba tarehe ya skana.

Mahali nako kuna jambo la kwetu. Immich inabadilisha zile namba za GPS kuwa jina la mji kwa kutumia data ya GeoNames, bila intaneti, vizuri kabisa, ila inakupa mji uliopo karibu na sio lazima kijiji chenyewe. Na mikoa inaisoma ilivyo sasa. Mkoa wa Songwe ulizaliwa 2016 kutoka Mbeya, wazee wetu bado wanasema Mbozi Mbeya, Tunduma Mbeya. Ukimwambia msaidizi "picha za Mbeya" kwa kuwafuata wazee anaweza kuchuja mkoa wa Mbeya tu na zile za Mbozi zikaachwa nje, hata kama zilipigwa mwaka 2012. Mimi nimemwandikia maelekezo ya kudumu kwamba mtu akisema Mbeya atafute na Songwe pia, akatulia.

Sasa sura. Hapa ndo penye utajiri na ndo penye kazi kubwa. Mashine inakusanya sura zinazofanana, wewe unazipa majina. Sura za shangazi wa sasa na za bibi alipokuwa kijana iliziweka fungu moja, na kwakweli ukiziangalia unaelewa, kila mtu kijijini anasema shangazi kachukua sura ya mama yake yote. Niliyatenganisha kwa mkono. Ila ujue pia kwamba mashine hizi kwa ujumla zinatusumbua sisi zaidi: mwaka 2019 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilipima programu 189 za kutambua sura ikakuta kwamba kwenye nyingi yale makosa ya kudhani watu wawili ni mtu mmoja yalikuwa juu zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki. Tangu hapo programu zimeboreka, lakini usikubali mafungu bila kuyapitia, hasa ya watoto na ya ndugu wanaofuatana.

Alafu majina ya undugu. Mwanzoni kabisa amua, usiandike "Mama mdogo" kwenye sura ya mtu. Mama mdogo wangu mimi ni dada kwa mama, ni shangazi kwa watoto wa mjomba, ni bibi kwa wanangu. Nyumba nzima tunatumia msaidizi mmoja, sasa mwanangu akisema "bibi" na mimi nikisema "bibi" tunasema watu wawili. Kinachofanya kazi ni kuandika majina kamili kwenye sura, alafu kwa kila mtu wa nyumbani kuwe na karatasi yake ya maelekezo ndani ya msaidizi: anayeuliza ni fulani, akisema baba mkubwa anamaanisha huyu, akisema shangazi anamaanisha hawa watatu, amuulize kwanza ni yupi. Baada ya hapo maongezi yanakuwa matamu, anakujibu "unamaanisha shangazi wa Tukuyu au wa Kyela?" na ndivyo mtu wa nyumbani anavyouliza.

Baba mkubwa alipofariki, usiku ule walitaka picha ya kuweka kwenye fremu na ya kuchapa kwenye fulana, na asubuhi mapema lazima iwe studio. Mnaojua misiba yetu mnajua hilo pilika, simu za watu wote zinazunguka na kila mtu analia huku anashusha picha. Nikaandika, nitafutie za baba mkubwa, uso unaonekana wote, amevaa koti au shati la kola, anatabasamu, akiwa peke yake au tunaweza kumkata. Zikaja kwa pamoja, na moja ilikuwa ya harusi ya kaka pale Rungwe Moravian, amesimama pembeni anacheka kabisa, hakuna aliyeikumbuka. Ndo ikawa ile. Shangazi aliishika simu muda mrefu alafu akanambia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Kwa usiku ule tu mimi nailinda hii programu mbele ya mtu yeyote.

Maksi moja imeenda wapi? Imeenda kwenye neno "hakuna". Msaidizi akikwambia hakuna picha kama hiyo, usiamini. Kule kutafuta kwa maana hakuna ndiyo wala hapana, mashine inapanga picha zote kuanzia inayokaribiana zaidi mpaka ya mbali, alafu kiunganishi kinachukua zile za juu tu, labda ishirini, labda hamsini, inategemea kimeandikwaje. Yako ikiwa ya sitini haonyeshwi. Na msaidizi badala ya kusema "nimeangalia za juu tu" anakwambia kwa ujasiri kwamba haipo. Nilikuwa na hakika picha za bibi na kwaya zipo maana nilizipiga mwenyewe, akasema hazipo, nikamwambia angalia kurasa zinazofuata na ubadilishe maneno, zikatoka. Sasa fikiria mtu ambaye hana hakika kama mimi, ameambiwa picha pekee ya mtoto wake na marehemu babu yake haipo, anakubali anaondoka. Hilo linaniuma na watengenezaji wa viunganishi walirekebishe, jibu lije na idadi iliyoangaliwa na idadi iliyobaki.

Kwa sababu hiyohiyo usimuulize "ziko ngapi". Picha ngapi za mvua, picha ngapi mama kavaa miwani, anahesabu zile alizoletewa anakupa namba kama vile ni ya kweli. Kwa tarehe au kwa jina la mtu namba inakaribia ukweli, kwa maana hapana.

Usiri naomba msome taratibu. Kwasababu Immich iko nyumbani watu wanadhani kila kitu kinabaki nyumbani. Sio hivyo. Ghala linabaki kwako, sura zinasomwa kwako, ila msaidizi akiwa wa wingu basi majina, tarehe, sehemu, na kama kiunganishi kinatuma picha ndogo ndogo ili azione, hizo zote zinatoka kwenda kwenye seva za kampuni. Mimi nimezima kutuma picha, anapata majina na viungo tu, picha nafungua mwenyewe ndani ya Immich, ubora wa majibu unapungua kidogo kwasababu hawezi kuhakiki kwa macho, nakubali hilo. Picha za watoto wakiwa wanaoga, za hospitali, za vitambulisho, ziko kwenye akaunti nyingine ambayo kiunganishi hakina funguo yake. Na funguo ya API, yaani ile namba ya siri inayokiruhusu kiunganishi kuingia, unapoitengeneza Immich inakuruhusu kuchagua ruhusa, chagua kusoma tu, kufuta na kubadilisha usiguse, hata kiunganishi kikikuomba. Mwenye kukaa na picha za wateja, hasa nyie ndugu zangu wa studio Mwanjelwa na Kabwe mlioniuliza, kwenu ni zaidi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, na sura ya mteja ni taarifa yake, mwombeni ruhusa kabla ya kumfungulia AI mlango. Mwenye mashine yenye nguvu anaweza kutumia msaidizi anayekaa kwenye kompyuta hiyohiyo, hakuna kinachotoka nje, ila kwa Kiswahili hizo ndogo nilizojaribu bado zinababaisha.

Gharama, Immich na kiunganishi ni bure, gharama ni kompyuta, hard disk na bando. Maswali yenyewe hayali bando sana kama hutumi picha. Umeme ukikata ghala linalala, UPS ndogo inasaidia kompyuta izimike kwa utaratibu, msimu wa mvua huku ni lazima. Usomaji wa kwanza wa picha zote unachukua muda mrefu kwenye mashine ya kawaida, iache usiku ifanye.

Kama picha zako ni chache na ziko simu moja, haya yote huyahitaji, albamu za kawaida zinatosha. Mwenye ukoo mkubwa na hard disk zilizojaa aanze na nakala ya pili kwanza, ikae nyumba nyingine, yangu iko kwa kaka Iringa, alafu ndo aweke Immich, akae na wazee wamtajie majina ya sura za zamani, kiunganishi kije mwisho kabisa.